Palma na Mocímboa: Tupimiwe mitaa, si viwanja peke yake

TANGU watu waanze kurejea kwa wingi Mocímboa da Praia na Palma, kuanzia mwaka 2022, mazungumzo ya barazani yamekuwa ni yale yale: nani amerudi, nani bado yuko Pemba au Mtwara, nyumba ya nani imebaki kuta tupu, na viwanja vinapimwa wapi. Hilo la viwanja ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtu aliyepoteza kila kitu akiambiwa atapewa kiwanja cha mita ishirini kwa arobaini, humshukuru Mungu na kuweka dole gumba kwenye karatasi. Anauliza ukubwa. Haulizi kiwanja hicho kiko umbali gani na bahari, bomba la maji, shule, soko na msikiti.

Mimi nadai kwamba swali la umbali ni zito kuliko swali la ukubwa. Na nadai zaidi ya hapo, ingawa najua wapo watakaonuna: kwa mtu asiye na gari, na wengi wetu hatuna hata baiskeli, kiwanja kikubwa kilichopimwa mbali kinaweza kumfukarisha kuliko kiwanja kidogo kilichopimwa karibu. Hasara yake haionekani siku ya kukabidhiwa. Inalipwa kidogo kidogo, kwa nauli, kwa jasho na kwa saa za mchana.

Jambo hili lina haraka yake. TotalEnergies ilisimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi Aprili 2021, baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi mwaka huo, na Oktoba 2025 ikatangaza kuondoa hali ile ya dharura. Huo ni mradi wa dola bilioni 20. Kazi ikirudi Afungi, wageni hurudi Palma. Na wageni wakirudi, kila kipande cha mchanga hupata mwenyewe. Tuliyaona hayo kabla ya 2021. Katiba inasema ardhi ni mali ya Dola na haiuzwi, lakini sote tunajua jinsi mnazi mmoja na msingi wa nyumba vinavyoweza kuuzwa kwa bei ya ajabu. Mitaa itakayochorwa katika miaka hii michache ndiyo wajukuu zetu watakayotembea. Nyumba hubomolewa ikajengwa upya, lakini barabara ikishapita imepita.

Na sisi wa pwani hii si wageni wa kupangwa. Wakati wa vita vya ukombozi, kati ya 1964 na 1974, Wareno waliwakusanya wazee wetu katika vijiji vya ulinzi, aldeamentos, ili wasiwape chakula wapiganaji wa Frelimo. Uhuru ulipokuja 1975 zikafuata aldeias comunais, vijiji vya pamoja, kwa nia tofauti kabisa lakini kwa kamba ile ile ya kupimia. Ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania nayo ilikuwa katika Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Vikaja vita vya miaka kumi na sita, vilivyotufikisha wengi wetu Mtwara, Newala na Masasi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga kaskazini ya Pemba. Na vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilikimbiza watu kiasi kwamba mwishoni mwa 2022 Umoja wa Mataifa ulihesabu takriban milioni moja waliohama makwao. Kila baada ya dhiki huja mtu mwenye ramani, na kila mara mistari yake imenyooka vizuri. Ukiwauliza wazee waliopitia vijiji vile, vya Wareno na vya baada ya uhuru, lalamiko lao ni moja: shamba lilikuwa mbali.

Nirudi ng'ambo kidogo, kwa sababu ndiko nilikosomea na ndiko wengi wenu mnakonunua bidhaa. Nilivushwa Ruvuma nikiwa mtoto, katikati ya miaka ya 1980, nikasoma Mtwara tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Sasa hebu msomaji linganisha miji miwili ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua: Mtwara na Mikindani. Iko kilomita kumi tu kutoka mmoja hadi mwingine, lakini ni kama imejengwa na watu wa sayari mbili.

Mtwara ya mjini ilichorwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa ule Mpango wa Karanga. Walitaka bandari kubwa, reli hadi Nachingwea, na mji mkubwa wa kuhudumia yote hayo. Mpango ulianza 1947, ukafa 1951. Gati lilijengwa, reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960, ila mchoro wa mji ulibaki: barabara pana, nafasi tupu kubwa kati ya mtaa na mtaa, Shangani kule kwenye upepo wa bahari na Chikongola huku. Ulichorwa kwa ajili ya watu wengi ambao hawakufika, na kwa ajili ya watu wenye magari ambao walikuwa wachache mno. Sisi watoto ndio tuliokuwa tukizivuka zile nafasi tupu saa saba mchana, mchanga unawaka, hakuna mti, hakuna ukuta wa kukupa kivuli. Tulikuwa tunaita "jangwani". Miaka mingi imepita, mji umejaa kiasi, na hata leo bodaboda wa Mtwara wanakula kutokana na mchoro wa watu wa karanga.

Mikindani haina ramani ya namna hiyo. Ni mji mkongwe wa biashara, umejibana kati ya ghuba na kilima, nyumba zake za mawe zimegusana mabega. Toka nyumbani, dakika tatu uko kwenye mashua, dakika mbili msikitini, dakika nne shuleni. Kivuli cha nyumba ya jirani ndicho mwavuli wako. Mama anayekaanga samaki barazani hahitaji kulipa kodi ya kibanda sokoni, kwani njia yenyewe inamletea wateja. Simsifu mtu kwa umaskini, na Mikindani ni mji uliopauka. Lakini katika kupauka kwake mtu bila senti mfukoni anaweza kuishi siku nzima bila kupanda chombo chochote. Ukweli ni kwamba miji yetu yote ya zamani ilikuwa hivyo, Kilwa, Ibo, Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja. Kwa hiyo niliposoma kwamba mwaka 2020 meya wa Paris aliahidi kuwapa watu wake mji ambao kila kitu kinapatikana ndani ya dakika kumi na tano, nilifurahi kwa niaba yao, wamefika Mikindani.

Tuje sasa kwetu, Quitunda. Kijiji hiki kilijengwa kwa ajili ya familia zilizoondolewa kwenye eneo la mradi wa gesi, na familia za kwanza ziliingia mwaka 2019. Niwe mkweli: nyumba zake ni nzuri. Ni za tofali, bati juu, umeme, maji. Mtu aliyetoka kwenye udongo na makuti hawezi kuzibeza, na Machi 2021 maelfu ya watu waliokimbia Palma walipata pa kujisitiri pale. Kila nyumba ilipewa mita za mraba 70, juu ya kiwanja cha mita za mraba 800. Lakini wavuvi walijikuta ufuko waliouzoea uko kilomita kumi hivi kutoka mlangoni, ikabidi yawekwe mabasi ya kuwapeleka baharini.

Anayeijua kazi ya pwani anajua kwa nini basi halitoshi. Maji kupwa hayana ratiba ya basi. Leo yanakupwa saa nne, kesho karibu saa tano, na siku za bamvua mama anayeokota chaza na kuwinda pweza mwambani anataka kuwa pale maji yanapoanza kurudi nyuma, si nusu saa baadaye. Mvuvi wa usiku anarudi alfajiri na samaki wanaoanza kuharibika. Kwake yeye umbali ni sehemu ya kazi, sawa na nyavu. Aliyeweka mabasi alitaka kusaidia, lakini mabasi yalikuwa yanatibu ramani.

Je, vipimo hivi vilitoka wapi? Havikutoka kichwani mwa kampuni. Kanuni ya uhamishaji watu iliyotolewa na serikali Agosti 2012, Amri namba 31, ndiyo iliyotaja mita 800 kwa kiwanja cha mjini na mita 5,000 kwa kiwanja cha shamba, na nyumba isiyopungua mita 70. Nia ilikuwa njema, kwa sababu kabla ya hapo watu walihamishwa kwa miradi na kutupwa kwenye vibanda. Serikali ikasema angalau wapate eneo la kutosha. Lakini kipimo kilichowekwa ili kumlinda mtu ndani ya uzio wake kilisahau kinachomtokea akitoka nje ya uzio huo.

Nafundisha hisabati, kwa hiyo mniruhusu hesabu kidogo. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, linashauri karibu asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe njia na barabara. Zinabaki mita 7,000. Kwa kiwanja cha mita 800 unapata nyumba nane, tisa kwa kubana. Kwa watu watano kila nyumba, ni kama watu 43 kwa hekta. Shirika hilo hilo linashauri watu wasiopungua 150 kwa hekta ili huduma za mji zijilipe. Kwa kiwanja cha mita 300, yaani kumi na mbili kwa ishirini na tano, hekta ile ile inabeba nyumba 23 na watu 115. Bado hatujamgusa mtu kwa ghorofa.

Tuchukue mfano wa mji wa watu 40,000 wenye umbo la mraba, upande mmoja ufukweni. Kwa viwanja vya mita 300 mji huo una upana wa kilomita mbili kasoro kidogo, kwa hiyo anayekaa mwisho kabisa anafika baharini kwa nusu saa. Kwa viwanja vya mita 800 unakuwa na upana wa kilomita tatu, dakika arobaini na tano. Na kama kiwanja kimoja katika kila viwili kimechukuliwa na mtu wa Pemba au Maputo anayengoja bei ipande, basi mji unavutika hadi zaidi ya kilomita nne, na mchuuzi wa samaki anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi na tenga kichwani. Hapo sijaweka shule, zahanati, makaburi wala uwanja wa mpira, ambavyo navyo vinakula ardhi. Aidha, kila nyumba yenye uso wa mita ishirini inahitaji mita kumi za bomba la mtaani, wakati yenye uso wa mita kumi na mbili inahitaji sita. Halmashauri isiyo na fedha ya kumaliza bomba la sita haitamaliza la kumi.

Hilo la viwanja kungoja bei si dhana. Wenzetu wa Dar es Salaam walilipitia. Mwaka 2002 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, pembezoni mwa jiji: Bunju, Mbweni, Kibada, Buyuni, Tuangoma na kwingineko. Upimaji ulikuwa safi, hati zilitoka, na kwa kuondoa ujenzi holela wanastahili sifa. Lakini aliyekwenda huko miaka iliyofuata alikuta vigingi vingi kuliko nyumba. Wenye nafasi walinunua na kungoja. Aliyejenga kweli alikaa kati ya vichaka viwili, maji ya kununua kwa dumu, daladala mbali, na mshahara unaishia kwenye nauli ya kwenda Kariakoo kwa sababu kazi zilibaki Kariakoo. Kariakoo yenyewe, ambayo hata Pemba tumeazima jina lake kwa mtaa wetu wa Cariacó, ni viwanja vidogo, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, duka mbele, familia nyuma. Ndiyo sehemu iliyowatoa matajiri wengi kuliko Bunju.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, hapa pananihusu na panawahusu. Ninyi mnaovuka Kilambo na Namoto na mzigo wa sabuni, mchele, vitenge na betri, mnajua kwamba biashara zetu nyingi ni za mlangoni. Mke wangu huuza maandazi asubuhi na mafuta ya taa jioni. Mtaji wake ni ule mdogo kabisa, na faida yake inategemea jambo moja tu, miguu mingapi inapita mbele ya baraza. Mtaa wenye nyumba 23 kwa hekta unampitishia watu karibu mara tatu ya mtaa wenye nyumba nane, bila yeye kuongeza hata kilo ya unga. Mtaa mpana, wenye nyumba zilizojificha nyuma ya uzio wa mianzi, unamlazimisha kwenda sokoni, na sokoni kuna ushuru, kuna nauli, kuna mtoto wa kuachwa nyumbani. Tukijumlisha wanawake wote wa mitaa yote, tunazungumzia riziki ya nusu ya mji. Sijapata kuona ramani ya mpimaji iliyoandikwa "maandazi".

Tena ramani nyingi hutenganisha matumizi: hapa makazi, pale biashara, kule huduma. Mtu akiona inapendeza kwenye karatasi, asisahau kwamba sisi hatujawahi kuishi hivyo. Fundi cherehani, mwalimu wa chuo cha Qurani, mshona nyavu na mwuza kadi za simu wote wako kwenye kibaraza kimoja, na hapo ndipo uzuri ulipo.

Kuna jambo la shule, nalo najua kwa kulipitia kila siku. Shule zetu nyingi husomesha kwa zamu kwa sababu madarasa hayatoshi. Sasa kumbukeni kwamba saa yetu iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja nzima, ingawa jua ni lile lile. Mnaovuka mto mnacheka jambo hili, lakini kwa mwanafunzi wa zamu ya mchana si mzaha: mwezi Juni huku Palma jua linazama saa kumi na moja na dakika chache jioni. Mtoto anayekaa dakika kumi kutoka shuleni hufika nyumbani magharibi ikiingia. Anayekaa dakika hamsini, katika mtaa mpya usio na taa wala nyumba za kujaa, hutembea gizani. Wazazi wa wasichana hawangoji tatizo litokee. Wanamtoa shule kwanza. Nimeona majina yakikatika daftarini namna hiyo, na yanayokatika ni ya mitaa ya mbali.

Kuhusu usalama nitasema kwa uangalifu, maana bado tuna makaburi mapya. Wapo wanaosema mji uliosambaa ni salama zaidi kwa sababu mtu anakimbilia porini haraka. Sitabishana na mtu juu ya usiku aliokimbia. Ila kwa siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, mtaa unalindwa na watu waliokaa nje. Kibarazani kukiwa na wazee wanacheza bao, mgeni anaulizwa anakwenda kwa nani. Na Oktoba 2020, wakati mashua zilipokuwa zikishusha watu kwenye ufuko wa Paquitequete kule Pemba, zaidi ya 10,000 katika wiki chache, waliowapokea walikuwa watu wa mtaa ule mkongwe uliobanana, ambao mpangaji yeyote angeuita kero. Waliotoka chomboni walikuwa na jamaa, au jamaa wa jamaa, hatua mia moja kutoka majini. Mimi baadaye nilikaa miezi kadhaa kwenye kituo kimoja cha waliohama, kusini mwa mkoa, mistari minyoofu ya mahema na bomba moja mwisho wa mstari. Hakuna aliyetutesa. Lakini ilinichukua wiki tatu kujua jina la jirani wa mstari wa pili, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukutana isipokuwa foleni ya maji.

Hata hivyo, ni lazima niwape haki wanaotaka viwanja vikubwa, kwani hoja zao si za kipuuzi. Ya kwanza ni choo. Huku kwetu choo cha shimo kikijaa unachimba kingine, na kisima kiko ua ule ule. Pwani yetu ni mchanga, maji yako juu, na uchafu unasafiri. Ukiweka nyumba 23 kwenye hekta kwa vyoo na visima vya namna hii, kipindupindu hakitahitaji kualikwa. Paquitequete wanajua, bahari ikijaa na mvua ikinyesha. Kisiwa cha Msumbiji wanajua pia: ule mji wa makuti upande wa kusini umekaa chini kuliko barabara kwa sababu mawe ya kujengea mji wa mawe yalichimbwa pale pale, na mvua yote inakwenda kukaa na maskini. Kwa hiyo anayetetea ukaribu kama mimi, na asitaje maji ya bomba na choo cha kunyonywa, anadanganya watu. Hivyo viwili vinakuja kwanza. Bahati nzuri ndivyo vinavyopungua gharama nyumba zikikaribiana, kama nilivyoonyesha kwa bomba.

Ya pili ni moto. Makuti yakishika kwenye nyumba moja, upepo wa kusi hauulizi mwenye nyumba ya pili. Hapa jibu ni bati au tofali la ukuta wa kugawana, na kichochoro cha mita tatu hapa na pale, si mita ishirini za nyasi kavu ambazo nazo huungua.

Ya tatu ndiyo inayonipa shida zaidi. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia: "Mwalimu, mimi sipewi kiwanja ili nitembee. Napewa ili wanangu wanne wajenge." Mita 800 kwake ni urithi, ni minazi miwili, ni mihogo ya mwaka wa njaa. Siwezi kumwambia amekosea. Nililomjibu ni kwamba wanawe wakijenga watagawa kile kiwanja mara nne wenyewe, bila njia, bila mtaro, bila mpimaji, na baada ya miaka ishirini mtaa utakuwa umebanana vile vile, ila umebanana vibaya. Kama tunajua utagawanywa, basi ugawanywe leo kwenye karatasi: apewe viwanja vinne vidogo vinavyopakana, vyenye uchochoro wake na hati zake, na shamba la mihogo apewe pengine kama shamba. Alinyamaza kidogo, akasema hati nne ni ada nne. Alikuwa sawa, na hilo ni la serikali kulijibu.

Sasa tufanye nini sisi tunaorejea, ambao hatuchori ramani? Kanuni ile ile ya 2012 inataka mikutano ya hadhara isiyopungua minne katika kila uhamishaji, na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2007, namba 19, inampa mwananchi haki ya kushirikishwa katika mipango. Mikutano hiyo huitishwa, na mara nyingi tunakaa nyuma tukingoja soda. Wapimaji si maadui. Wengi ni vijana waliosoma Pemba na Nampula, na wanachora walichofundishwa. Tukiwauliza maswali ya ukubwa, watatupa majibu ya ukubwa.

Napendekeza tuwaulize mengine. Kabla ya kufungua mtaa mpya wa mbali, je, viwanja vitupu vya Palma ya chini, na magofu ya Mocímboa ambayo wenyewe wapo na wanataka kujenga, vimekwisha hesabiwa? Kigingi cha mwisho kiko dakika ngapi kutoka shule ya msingi, kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba? Mbele ya nyumba panaruhusiwa kibaraza cha duka, au ni kosa? Soko dogo la mtaa liko wapi, na njia ya malori ya Namoto inapita pembeni au inakata mtaa katikati? Miembe na mikorosho iliyopo itabaki, au greda litaisafisha kwanza halafu waje wafadhili kutuletea miche? Mvuvi atafika majini kwa njia ipi, na njia hiyo imeandikwa kuwa ya umma au itazibwa na uzio wa hoteli?

Hili la mwisho lisicheleweshwe. Njia za kwenda baharini katika pwani yetu nyingi ni za mazoea tu, hazimo kwenye karatasi yoyote, na kisicho kwenye karatasi hakina wa kukitetea siku mwenye fedha anapokuja. Kila mtaa ungeweza kuziorodhesha zake kwa wiki moja: inaanzia mti gani, inapita kati ya nyumba za nani na nani, inaishia wapi ufukweni. Katibu wa mtaa atie muhuri, nakala moja ibaki wilayani na nyingine msikitini. Wanafunzi wangu wa darasa la saba wameanza kuzipima za upande wetu kwa kamba yenye mafundo ya kila mita. Mpaka Ijumaa iliyopita walikuwa wamefikisha kumi na moja.